Masale ya Kwenye Picha

Picha ya kwanza niliyoiomba kwenye simu ilikuja na twiga. Sikuwa nimeomba twiga. Nilikuwa nimeandika: nyumba ya zamani kwenye mteremko wa Mlima Meru, migomba, kahawa, asubuhi. Nikaletewa kibanda cha nyasi kwenye uwanda mkavu, mti mmoja wa miiba wenye kichwa bapa, mlima wenye theluji nyuma yake, na twiga amesimama pembeni kama mteja anayesubiri kuhudumiwa.

Dada mwenye stesheneri jirani na banda langu pale Ngarenaro ndiye aliyenionyesha jinsi ya kutumia hiyo akili mnemba. Yeye alikuwa akiitumia kutengenezea kadi za harusi. Aliinama juu ya simu yangu, akaangalia, akaanza kucheka.

"Kaka, si ndizo hizo hizo unazochoraga wewe?"

Nilicheka naye, kwa sababu ni kweli. Kwa miaka mingi, kila nilipokwama, nilirudi kwenye vibanda vya kuuzia watalii picha, na picha zilizonunuliwa zilikuwa hizo: wanaume wembamba wenye shuka nyekundu kwenye mstari, mti bapa, mlima wa theluji ambao si wa kwetu, twiga. Nilikuwa naweza kumaliza tatu kwa siku bila kufikiri. Mashine imefundishwa kwa picha za watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliochora uongo ule. Nilipoomba nyumbani, ilinipa nilichokuwa nikiwauzia wengine.

Ningeishia hapo kama ningekuwa na kazi. Lakini kazi ya brashi ilikuwa imekauka. Watu wanataka mabango ya plastiki yanayochapwa, yanatoka kwenye mashine ndani ya dakika chache na sura ya mwenye duka juu yake. Mimi nilibakiwa na milango ya malori, kuta za shule mara moja moja, na vibanda vya kinyozi ambavyo mwenyewe bado anaona raha kuchorewa kichwa cha mtu kwa mkono. Siku nyingine nilikaa kwenye stuli tangu asubuhi mpaka jua linapogeuka, nikisikiliza mashine za kukata vyuma za mafundi wa upande wa pili.

Niliondoka nyumbani baada ya kidato cha nne. Nilikwenda Mwanza kujifunza kwa fundi wa mabango, kutoka pale Shinyanga, Mbeya, Tunduma, nikavuka mpaka nikachora baa za Zambia, nikarudi kupitia Songea. Sikuwa nakimbia kitu. Nilikuwa nikimaliza ukuta mmoja naanza kusikia kwamba kuna ukuta mwingine mji wa mbele. Mama alifariki nikiwa Shinyanga, nikawahi mazishi. Baba alifariki nikiwa Mbeya, na nilipofika nyumbani juu ya Usa River, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kupasuka. Nyumba ya mbao tulimozaliwa haikuwepo. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameivunja akajenga ya matofali. Nilisimama pale ilipokuwa, nikakuta banda la kuku.

Hatukuwa na picha yake hata moja. Mpiga picha alikuja kijijini siku za kipaimara tu, na kila mtu alitaka kupigwa mbele ya kanisa. Nani angelipia picha ya nyumba?

Kwa hiyo nilianza kuitafuta kwa maneno. Nilikuwa na muda, na hakuna aliyekuwa ananisubiri popote. Mashine haikujua mfereji. Nilipouandika ilileta mto wenye daraja. Nikaeleza: maji membamba, upana wa hatua moja, yanapita kwenye udongo mweusi kati ya migomba. Ikaleta. Haikujua kwamba kwetu moshi ulitoka chini ya bati na si kwenye bomba. Nikaeleza. Nikaeleza mbao zilizosimama wima, bati la kutu, mlango wa kijani uliobanduka rangi chini kwa sababu ya mvua. Picha moja ilikuwa na ukuta sahihi lakini mlango mahali pasipo pake. Nyingine ilikuwa na mlango sahihi lakini mwanamke aliyesimama pale alikuwa na vidole saba. Nilimwondoa. Sikutaka watu.

Kwa wiki kama tatu nilizungumza na ile simu kuliko nilivyozungumza na mtu yeyote. Nilikuwa naiambia, "Hapana, giza zaidi chini ya migomba," na yenyewe inakubali kila mara, haichoki, haiulizi nilikuwa wapi siku zote. Dada wa stesheneri akipita ananikuta nimeinama.

"Bado unajenga tu?" ananiuliza. "Si umalize, uoe, uhamie humo!"

Lililobaki lilikuwa masale. Asiyekulia kwetu anaweza kuyaona kama majani tu, mashina membamba yenye majani marefu yanayochomoza juu kama ya mahindi. Lakini ndiyo mpaka. Yakishapandwa mstari kati ya watu wawili, hayang'olewi ovyo, na mtu mzima akipita pale anajua mkono wake unaishia wapi. Mashine iliyajua kama mahindi. Nilikaa siku nzima nikiyaeleza mpaka yakatokea, magumu, yaliyosimama, ya kwetu kabisa.

Nikayaweka. Fundi wangu wa Mwanza alikuwa akisema picha ni lazima iwe na njia ya kupitisha jicho, na upande wa kushoto wa picha yangu ulikuwa mtupu, jicho linaanguka. Nikaagiza mstari wa masale uanze kona ya chini kushoto, upande kidogokidogo, upite nje ya mti mkubwa wa mringaringa, na uishie karibu na mlango. Sikujiuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Nilijiuliza kama inapendeza, na ilipendeza mno. Mwisho nikaomba rangi zififie, kingo ziwe na ukanda mweupe, na kona moja iwe na alama ya kukunjwa. Nilitaka ifanane na kitu kilichoponea mahali fulani.

Jumapili moja asubuhi niliituma kwenye kundi la familia kwenye simu. Niliandika: "Nyumbani, enzi za baba."

Niseme kuhusu lile kundi. Nilikuwa nimewekwa humo miaka miwili nyuma, na kila nilipotuma salamu nilirudishiwa kidole gumba na mtu mmoja, mke wa kaka, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Wengine waliendelea na habari za michango na ada na ng'ombe. Siku ile simu ilianza kulia na haikunyamaza. Binamu aliyeko Moshi alituma sauti, analia. Watoto wa kaka, ambao walizaliwa nyumba imeshavunjwa, waliuliza ule mlango ulikuwa wa rangi gani hasa. Kisha kaka mwenyewe akapiga. Hakuwahi kunipigia tangu nihamie Ngarenaro.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikuwa sawa. "Hii umeitoa wapi?"

Ningeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Lakini nilimsikia akipumua upande wa pili, akinisubiri mimi, na nikasema, "Nilikuwa nayo."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nayo tu."

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa sebuleni kwake. Picha ilikuwa imeshachapwa kubwa na kutiwa fremu, imetundikwa juu ya televisheni, palipokuwa na kalenda ya kanisa. Mke wa kaka alinipikia loshoro, ya mahindi na maziwa mgando, kwa sababu alisikia kwamba nilikuwa naipenda utotoni.

"Shemeji, kumbe wewe ndiye sanduku la ukoo," alinitania, "na sisi tulidhani umebeba brashi tu."

Watu walipita kuniona. Wazee wawili walinishika mkono kwa mikono yao yote miwili. Kaka alisimama mbele ya picha na kuwaonyesha wageni kwa kidole: hapa mama alikuwa anaanikia kahawa, hapa baba alinipiga fimbo kwa kumwacha ndama anyonye. Alikumbuka vitu ambavyo sikuwahi kuviona, na vyote vilikaa vizuri ndani ya picha ile.

Nikawa nakwenda kila Jumapili. Nilinunua shati. Jioni moja kaka alinipeleka nyuma ya zizi, akapima kwa hatua zake, akasema, "Utajenga hapa. Mtu hawezi kuzeekea chumba cha kupanga mjini kama hana kwao." Nililala usingizi mzuri siku ile, na mimi si mtu wa usingizi.

Ilikuwa mwezi wa pili wa Jumapili zangu ndipo kaka aliposema, huku akimenya ndizi, kwamba picha yangu imewamalizia kesi.

"Kesi gani?"

"Ya mama jirani."

Mama jirani alikuwa mjane wa upande wa chini, mwanamke ambaye alikuwepo tangu sijui kutembea. Zamani kati yetu na kwao palikuwa na masale. Yaling'olewa mwaka ule mabomba ya maji yalipochimbiwa mtaro, na waliochimba hawakuyarudisha. Tangu hapo mpaka ulikuwa wa mdomo. Mjane alilima mpaka kwenye mringaringa na kipande kilichofuata mfereji, ambapo alikuwa na mchicha, magimbi na mistari michache ya kahawa. Kaka aliamini sikuzote kwamba mringaringa ni wetu, lakini hakuwa na cha kuonyesha. Sasa alikuwa nacho. Masale yalipita nje ya mti, kila mwenye macho aliona.

"Sitaki kumwonea," kaka alisema. "Mimi nilikuwa hata nimeanza kudhani nimekosea. Lakini picha ndiyo hiyo. Jumamosi mshili wa ukoo atakuja, na mwenyekiti wa kitongoji. Na wewe uwepo."

Nilimwomba mke wake aniongezee chai.

Jumamosi walipanga viti vya plastiki uani. Mshili, ambaye kwetu ndiye anayesimamia mambo ya ukoo, alikuwa mzee mwenye koti zito na fimbo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na daftari. Mama jirani alikuja mwenyewe, na gambuti miguuni, kwa kuwa alitoka shambani moja kwa moja. Nilisimama kumpa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umerudi. Nilisikia umerudi na picha."

Fremu ilishushwa ukutani ikapitishwa mkono kwa mkono. Mshili aliisogeza karibu na uso, akaufuata mstari wa masale kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka kona ya chini mpaka mlangoni, kama nilivyotaka jicho lipite.

"Masale haya hapa," alisema. "Mnataka nini tena?"

"Nipeni na mimi niione," alisema mama jirani. "Au ni ya wanaume peke yao?"

Akapewa. Aliishika mbali, mikono imenyooka, kichwa amekirudisha nyuma.

"Hapa ndipo kwenu?"

"Ndipo, mama," kaka alijibu.

"Mwaka gani?"

"Kabla huyu hajaenda sekondari."

"Sawa. Mimi nyumba yangu iko wapi?"

Aliigeuza picha kuelekea kwetu, akagonga kioo upande wa kushoto, nyuma ya masale, ambako palikuwa na migomba mizito yenye giza zuri chini yake.

"Mwaka huo nilikuwa nimeshazaa watoto watatu hapa. Moshi wangu ulikuwa unaingia kwenu, mama yenu anakuja kunigombeza. Mbona naona migomba?"

"Mama," mwenyekiti alisema kwa upole, "kamera haichukui kila kitu. Inategemea mpigaji alisimama wapi."

"Alisimama wapi? Aliyepiga hii alisimama juu ya kitanda changu!"

Mwenyekiti alicheka, na hata mshili akafunika mdomo. Kaka hakucheka. Mama jirani naye hakucheka. Alikuwa bado anatafuta ndani ya fremu ile, kona moja hadi nyingine, na nilielewa kwamba anaogopa. Alikuwa amekaa pale miaka yake yote, na picha ya sebuleni ilikuwa inamwambia hakuwepo.

"Nani aliipiga?" aliuliza. "Aitwe."

Wote walinigeukia mimi.

"Hakuna aliyepiga," nikasema.

Nilieleza vibaya. Nilisema simu, nikasema maneno, nikasema akili mnemba. Mwenyekiti alielewa kwanza, akafunika daftari lake polepole. Kaka alikuwa anatikisa kichwa.

"Unataka kusema umeisafisha. Ilikuwa imechakaa, ukaisafisha."

"Hapana, kaka. Haikuwepo."

"Na masale?" mshili aliuliza.

"Niliyaweka mimi."

"Kwa sababu ndipo yalipokuwa," kaka alisema. Alikuwa ananiomba.

"Kwa sababu picha ilikuwa tupu upande ule."

Kuku walikuwa wanachakura chini ya viti. Halafu kaka akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kama tuko wawili tu, "Basi tuiache picha. Umezaliwa hapa. Mimi nilikuwa bweni miaka ile, wewe ndiye uliyekuwa unachunga na kucheza pale. Sema kwa mdomo wako. Mringaringa ulikuwa wa nani?"

Ilikuwa ni nafasi. Angenisamehe lile la kwanza kama ningempa hili la pili. Nilifumba macho na nikatafuta kwa dhati, si kwa kumfurahisha. Nilitafuta miguu yangu ya utotoni ikikimbia kutoka mlangoni kwenda kwenye ule mti. Nilichokiona kilikuwa ni kile nilichokichagua: mstari unaoanza kona ya chini kushoto, unapanda kidogokidogo. Nilijaribu kuusogeza, ukarudi. Sikuwa na nyingine. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi mno.

"Sijui," nikasema.

Mshili aliamua haraka. Kila mtu abaki anapolima leo, mringaringa na kipande cha mfereji vibaki kwa mama, na masale mapya yapandwe hapo hapo kabla ya mvua ili neno hili lisirudi. Mwenyekiti aliandika. Mama jirani alimrudishia mke wa kaka ile fremu kwa mikono miwili, kama chombo cha watu alichokiazima. Nilidhani angenishukuru, na nikaona haya kwa kudhani hivyo. Alipita karibu yangu akasimama.

"Ungekuja kuniuliza," alisema. "Nyumba ya mama yenu naijua yote, mpaka misumari ya mlango. Nilikuwepo. Na wewe unakwenda kuuliza simu."

Akaenda na gambuti zake.

Kaka alikusanya viti, akaviweka kimoja juu ya kingine, viwili viwili. Nilishika kimoja nimsaidie. Alikichukua mkononi mwangu bila kunitazama. Mke wake alisema chai ipo, lakini alisema akiwa ameshaingia ndani. Nilisubiri kidogo uani, nikijifanya ninaangalia zizi. Sehemu ile aliyopima kwa hatua ilikuwa imewekwa kuni. Kisha nikashuka kwa miguu mpaka barabara kuu, njia yote, na hakuna aliyenisindikiza. Kwetu hata muuza vyombo anasindikizwa mpaka kwenye kona.

Masale yalipandwa wiki ile. Nimesikia kwa binamu. Kwenye kundi hakuna aliyeniondoa wala aliyenitukana. Salamu zangu zinakaa pale kama zilivyokuwa zikikaa zamani, isipokuwa sasa hata kidole gumba hakiji. Mabango ya brashi yamezidi kupungua. Nimefikiria kuondoka, kuna mtu Singida anajenga hoteli na anataka kuta zichorwe. Sijaondoka. Nimekwenda mara moja mpaka kwa mama jirani nikiwa na karatasi na penseli, nikamkuta ameenda kwa bintiye Nduruma.

Mwezi uliopita kaka alipiga. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa naandika jina kwenye mlango wa lori na mikono ina rangi, nikapokea kwa kidole kidogo.

Hakunisalimia. Alisema, "Yule mbwa wa kwenye picha."

"Mbwa gani?"

"Yuko kwenye kivuli, karibu na ngazi. Mweupe sikio moja."

Sikuwahi kumwona. Nilijifuta mikono, nikaifungua picha nikiwa bado nazungumza naye, nikaikuza. Alikuwepo. Mdogo, amelala, kichwa juu ya miguu. Sikumwagiza. Mashine ilimweka yenyewe na mimi sikumwona kwa miezi yote ile.

"Tulikuwa na mbwa?" kaka aliuliza.

"Sikumbuki, kaka."

"Mimi nimewaambia watoto ni yule aliyeumwa na nyoka. Nimewahadithia mpaka alivyokufa. Nilikuwa namkumbuka, unajua? Namkumbuka mpaka sasa."

Nikamsikia akihamisha simu sikio la pili.

"Labda tulikuwa naye," nikasema.

"Labda."

Nilitaka kumuuliza kama picha bado iko ukutani. Akasema anakwenda kukatia ng'ombe majani kabla jua halijawa kali, na simu ikakatika.